Wakata Miti wa Posta

Kukata miti katikati ya Dar es Salaam ni kazi ya Jumapili alfajiri. Siku nyingine haifanyiki, kwa sababu kila mti wa Posta una gari chini yake. Mwenye gari akishapata kivuli cha mkungu Mtaa wa Shaaban Robert au pembeni mwa Samora, hasogei mpaka ofisi zifungwe, na huwezi kumlaumu, maana jua la Dar la saa saba mchana linapasua dashibodi. Nilipoingia kwenye kazi hii mwaka 1994 magari yalikuwa machache na miti ilikuwa mingi. Siku hizi hesabu imegeuka, na mimi nimeiona ikigeuka nikiwa nimeshika kwanza shoka, baadaye chensoo.

Nilianza kwa kubeba matawi. Genge letu lilikuwa na wakwezi wawili, mmoja wa Mafia na mwingine wa Mkuranga, watu waliokulia kwenye minazi na waliopanda mti wowote kwa kitanzi cha kamba miguuni kana kwamba wanapanda ngazi za nyumbani kwao. Vifaa vyetu vilikuwa mapanga, mashoka, msumeno wa kuvutana watu wawili na kamba za katani. Kofia ngumu hazikuwepo, wala glavu. Mkuu wa genge alikuwa mzee wa Kisarawe ambaye sote tulimwita Babu, aliyejifunzia miti kwenye msitu wa Pugu kabla hajashuka mjini. Yeye hakupanda tena. Kazi yake ilikuwa kuuzunguka mti, kuugonga kwa kisogo cha shoka, kusikiliza, na kuamua.

Miaka miwili baadaye Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wa zamani wanaikumbuka Tume ile kwa mambo mengi, wengine kwa vibanda vyao vilivyobomolewa, wengine kwa barabara zilizoanza kufagiliwa. Sisi tunaikumbuka kwa sababu usafi wa mji uliingia mikononi mwa wakandarasi binafsi kwa wingi zaidi, na wenye majengo ya Posta nao wakaanza kuita watu wa kuwapunguzia matawi badala ya kusubiri lori la Jiji. Hapo ndipo genge la vibarua likageuka kuwa riziki ya kudumu.

Babu hakuwa na subira na mtu aliyetaja unene wa mti. "Kijana, usiniletee habari za unene," angesema. "Niambie kwanza ni mti gani." Niliona ni ubishi wa kizee mpaka nilipoona mzambarau ukikatika. Mzambarau unakudanganya. Tawi lake ni nene, gome limekaza, majani ni ya kijani kibichi, halafu linakatika ghafla bila kulia. Miti mingine hulia kwanza. Mwarobaini hutoa sauti ya nyuzi zikiachiana na kukupa muda wa kuondoka. Mwembe unatoa utomvu unaobabua ngozi, hivyo mkwezi wetu wa Mafia alikuwa akijipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuupanda. Mkenge ukipasuliwa, vumbi lake linawapigisha watu chafya mpaka nusu mtaa. Mkrismasi, ule wa maua mekundu ya Desemba, huoza kwa ndani kupitia jeraha la tawi lililokatwa vibaya miaka mingi nyuma, na ndio maana Babu alikuwa akiugonga. Ukisikia mlio wa ngoma, hapandi mtu.

Darasa letu lilikuwa Bustani ya Mimea, pale jirani na Makumbusho ya Taifa. Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, Franz Stuhlmann akiwa ndiye anayeshughulikia kilimo cha koloni, ili kujaribu mazao ya biashara na miti ya kigeni. Sisi tulikwenda kula chapati na chai chini ya kivuli, na Babu alitufanyia mtihani kwa majani yaliyodondoka. Jani hili la nani? Gome lile la nani? Vibao vya majina vilikuwepo kwenye baadhi ya miti, lakini alitukataza kuvisoma kabla ya kujibu. Baadaye nilikinunua kitabu cha Mbuya, Msanga, Ruffo na wenzao kuhusu miti ya Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, chenye michoro ya majani na majina ya Kiswahili na ya makabila. Kurasa zangu za miti ya pwani sasa zina madoa ya oili.

Na miti ya Posta, ukiitazama vizuri, mingi ni wageni. Hata Samora yenyewe ilianza kwa jina la mti lililotolewa na wageni: Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Na miti yenyewe: mwarobaini umetoka Bara Hindi, mkrismasi Madagaska, mjohoro Asia ya kusini. Upande wa Kariakoo miti imebaki zaidi kwenye majina kuliko kwenye ardhi. Kuna Mtaa wa Mkunguni, kuna Mtaa wa Mchikichi, na ukielekea mjini unapita Mnazi Mmoja. Kivuli Kariakoo ni cha turubai.

Chensoo ya kwanza niliyoigusa ilikuwa Stihl 070 iliyokwishachoka, iliyoletwa mjini na jamaa aliyekuwa akipasua mbao nyanda za juu kusini. Ni mashine ya zaidi ya sentimita za ujazo 100, na bila upanga wake, yaani kile chuma kirefu kinachozungukwa na cheni, tayari inazidi kilo 10. Hakuna mkwezi aliyeweza kupanda nayo. Basi shoka na msumeno vikaendelea kutawala juu ya mti, chensoo ikatawala chini. Kilichotufanya tuiheshimu ni mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ardhi ililowa mpaka ikashindwa kushika mizizi, miti ikawa inalala yenyewe usiku, juu ya uzio, juu ya nyaya, juu ya magari. Gogo ambalo watu wawili wangelivutia msumeno kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, 070 ililimaliza kabla chai haijapoa. Babu alisimama mbali akiitazama. Alisema ina kelele.

Ilipokufa, hatukujua tuipeleke wapi. Mafundi wa magari wa Gerezani waliikataa, wakasema hawaoni pa kumwaga oili. Walisema kweli, maana injini ya tu-stroki haina tangi la oili ndani yake. Oili hupanda pamoja na petroli, ikapaka pistoni, ikaungua na kutoka na moshi. Aliyeijua injini ya namna hiyo mjini alikuwa fundi wa mashine za boti pale Feri. Wavuvi wa Magogoni walitumia Yamaha za tu-stroki, na fundi huyu, aliyekaa juu ya kreti la soda na bisibisi zake kwenye kopo la Blue Band, hakuwahi kuona chensoo maisha yake yote. Hakuivuta hata kamba ya kuwashia. Alifungua bomba la moshi, skrubu chache tu, akaimulika kwa tochi kupitia tundu la moshi, akaniita niangalie. Ubavuni mwa pistoni kulikuwa na mikwaruzo iliyosimama, kutoka juu kwenda chini.

"Hii imekunywa petroli kavu," alisema.

Bila kupasua injini, bila kuuliza maswali, alikuwa ameshasoma kifo chake. Mtu alikuwa ameweka petroli bila oili, au ameweka oili kwa kukisia. Tangu siku hiyo nilishika kipimo chake: mililita 100 za oili nzuri ya tu-stroki kwa lita 5 za petroli, na kama oili huna imani nayo, mililita 200, bora moshi kuliko kunoki. Nilichora mstari kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu na hakuna kijana wangu anayeruhusiwa kuchanganya kwa macho. Wavuvi wenyewe, nikiri, wanachanganya kwa macho na boti zao zinarudi. Bahari inapoza.

Mabadiliko makubwa ya ufundi hayakuletwa na miti. Yaliletwa na giza. Mwaka 2006 ukame uliteremsha maji ya Mtera, ukaja mgao wa umeme ambao kila mwenye duka Kariakoo anaukumbuka, na Kariakoo ikajaa jenereta. Zile ndogo zilikuwa za tu-stroki. Ghafla vijana wa Gerezani waliokuwa wakitukataa wakalazimika kujifunza kusafisha kabureta, kubadili diaframu, kutambua oili sili iliyochoka inayovuta hewa na kuifanya mashine ipige kelele kubwa bila nguvu. Walipoijua jenereta, chensoo haikuwa tena mgeni. Fundi wangu wa sasa alijifunzia kwenye jenereta ya saluni ya dada yake.

Halafu ukaja uchakachuaji. Wauzaji wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi. Gari kubwa lingekohoa likaendelea, lakini injini ndogo inayozunguka mbio namna ile ilikuwa inagonga, inachemka, inakufa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikapungua. Watu wa mijini waliokuwa wakipikia jiko la mchina walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini mimi niliona idadi ya pistoni zilizokwaruzika kwa fundi ikishuka, na siwezi kusema vingine.

Wakati huohuo wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamezoea njia ya Guangzhou, na chensoo za Kichina za sentimita za ujazo 52 na 58 zikaanza kuning'inia madukani pamoja na pampu za maji na mashine za kufyekea nyasi. Hili ndilo lililoibadili kazi yetu kuliko jambo lolote. Mashine ambayo zamani ilihitaji mtaji wa kikundi sasa kijana mmoja anainunua kwa kuuza simu yake na kukopa kidogo. Vipuri viko kila kona, pistoni na silinda kamili ndani ya boksi moja, kabureta nzima kwa bei ndogo kiasi kwamba fundi hasafishi tena, anabadilisha. Sizidharau. Ninazo mbili, na ni nyepesi, mkwezi anapanda nazo zikining'inia kiunoni. Ila zinataka mtu anayejua kunoa, na kunoa ndiko kulikopotea.

Cheni haiambii uongo. Ikiwa kali, inatoa maganda, vipande unavyoweza kuvihesabu mkononi. Ikitoa unga, ni butu, na kila dakika unayoendelea kuikandamiza unachemsha upanga na kuua klachi. Tupa yake ni ya mviringo na kila cheni ina saizi yake: milimita 5.5 kwa cheni nene ya 070, 5.2 kwa zile za kati, 4.8 kwa nyingi za hizi ndogo za Kichina. Unasukuma tupa kwenda mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya digrii 30, na kila jino unalipa mapigo sawa na mwenzake. Ukipendelea upande mmoja, mashine itakata kwa kupinda. Kisha unashusha kidogo kile kijino cha mbele kinachopima kina cha mkato. Vijana wengi hawana habari na kijino hicho. Wanakwenda kwa mwenye grainda, grainda inapiga cheche, jino linageuka rangi ya bluu, na chuma kilichogeuka bluu hakinoleki tena kwa tupa. Wananunua cheni nyingine. Duka linafurahi.

Adui wa cheni mjini, hata hivyo, si ubutu. Ni msumari. Kila mti wa Posta na Kariakoo umewahi kuwa ubao wa matangazo: mganga kutoka Sumbawanga, chumba kinapangishwa, kisima kinachimbwa, semina ya ujasiriamali. Karatasi zinaoza, misumari inabaki, na mti unaimeza. Baada ya miaka kadhaa gome limejifunga na huoni kitu, ila kovu dogo kama kitovu na, ukibahatika, doa jeusi la kutu likishuka chini yake. Ninapapasa shina kwa kiganja kuanzia usawa wa kifua mpaka mkono unapofika juu, kwa sababu huko ndiko mtu aliyesimama hugongea tangazo. Kuanzia hapo kwenda juu ni salama zaidi, isipokuwa pale ambapo zamani nyaya za simu zilifungwa kwenye mti. Wapasuaji wa Keko wanaotengeneza makochi na vitanda wanaujua mchezo huu; ukiwapelekea gogo zuri la mwarobaini wanauliza kwanza limetoka wapi, ukisema mjini wanashusha bei au wanakuaga kwa heshima.

Sasa tuje kwenye usafiri, maana mti ukishalala ndipo matatizo ya Posta yanapoanza. Zamani matawi yaliondoka kwa mkokoteni. Wasukuma mkokoteni wa Kariakoo walikuwa na nguvu za ajabu na walipita popote, wakapeleka kuni kwa mama lishe na kwenye matanuri ya mikate, nasi tukalipwa mara mbili, na mwenye mti na mwenye jiko. Magogo yalifungwa mnyororo nyuma ya Land Rover na kuburutwa taratibu hadi pembeni. Leo ukiburuta gogo Barabara ya Sokoine unatafuta trafiki, na ni sawa, lami si shamba. Tuna Canter moja na tela ndogo ya magurudumu mawili. Tela ina namba yake ya usajili, taa zake za nyuma, na mnyororo wa akiba unaoishika hata kama ndoana itaachia. Hakuna mtu anayepanda juu ya tela, hata akiwa amechoka vipi, hata kama ni kutoka Posta ya Zamani mpaka Gerezani tu. Gogo likizidi urefu wa bodi, linafungwa kitambaa chekundu nyuma. Matawi yanafunikwa kwa wavu, na sababu yake si unadhifu. Tanzania tawi barabarani lina lugha yake, dereva akiliona anajua mbele kuna gari limeharibika na anapunguza mwendo. Tawi moja likidondoka kutoka kwenye Canter pale Daraja la Gerezani, foleni inafunga breki bila kuona gari lolote.

Magari yaliyo chini ya mti ni suala lingine, na vijana huliharibu mara nyingi. Gari la mtu huligusi. Hulivuti kwa kamba, hulisukumi hata kama halina breki ya mkono, hulinyanyui na jeki kulisogeza nusu mita. Tunabandika tangazo siku mbili kabla, tunaongea na mlinzi wa jengo na mkusanya ushuru wa maegesho, kwa sababu hao ndio wanaojua gari lipi ni la nani. Likibaki gari moja Jumapili asubuhi, ama polisi wanaitwa na brekidauni yenye kibali, au tunaahirisha. Nimeahirisha mara nyingi. Kuna mwenye gari mmoja aliyerudi saa tano, akatukuta tumekaa chini ya mti huohuo tunakunywa kahawa kwa kashata, akatusalimu, akaingia garini akaondoka.

Ugumu mkubwa kuliko wote ni wa saa. Mji unataka tufanye kazi usiku au Jumapili ili tusizuie njia. Kanuni za misitu zinakataza kusafirisha mazao ya misitu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na zilitungwa, kwa sababu nzuri kabisa, ili kuwabana wanaoiba magogo na mkaa gizani. Askari wa kizuizini hana njia ya kujua kama gogo lako limetoka Mtaa wa Luthuli au msitu wa Kazimzumbwi. Kwa hiyo tunakata usiku tukiitwa usiku, tunarundika pembeni, tunaweka mtu wa kulala na magogo, na tunapakia kukishapambazuka, kibali cha halmashauri na karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu zikiwa mfukoni. Mashine yenyewe nayo imesajiliwa kwa Wakala. Wapo wanaoona usajili huo ni usumbufu. Mimi naona chensoo ni chombo cha kufanyia kazi na pia cha kufanyia wizi, na anayeitumia kihalali hapungukiwi na kitu akiandikwa jina.

Kofia ngumu zilikuja kwa njia ya kuchekesha. Wakaguzi wa usalama kazini walishatuhimiza, tukaitikia, tukaziacha stoo. Waliotuvalisha ni kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuvuka mpaka huku, wanajenga kwenye kila mkungu wa Posta, hadi kwa vipande vya waya. Ukigusa tawi lenye kiota, wanashuka wawili, kisha kumi, wakilenga utosi. Mkwezi wetu wa Mkuranga alishuka siku moja akitokwa na damu kichwani, akaenda mwenyewe stoo, na tangu hapo hakuna aliyehitaji mahubiri.

Ujenzi wa barabara za mabasi yaendayo haraka, ulioanza 2012 mpaka mabasi yakaanza kutembea Mei 2016, uliondoa miti mingi iliyokuwa kwenye hifadhi ya barabara. Sina ugomvi na mabasi, naya­panda. Kinachonikera ni kukata kusikokuwa na sababu, na hicho kimeongezeka tangu chensoo iwe rahisi. Meneja wa jengo anaona majani kwenye mfereji, anapiga simu, kijana anakuja na mashine ya 58, dakika ishirini mti ni kisiki. Zamani kwa shoka kazi ile ingekula siku mbili, na katika siku hizo mbili lazima angetokea mtu wa kuuliza: kwani mti huu una kosa gani? Mara nyingi Babu alimshusha mteja kutoka kukata mti mzima hadi kupunguza matawi matatu, kwa sababu tu palikuwa na muda wa kuongea.

Na kupunguza nako kunataka jina. Mwarobaini na mjohoro ukiukata kichwa unachipua tena, kwa fujo, ndani ya msimu mmoja wa mvua. Mvinje ukiukata hivyo hauchipui kirahisi. Mnazi una ncha moja tu ya kukulia. Meneja mmoja aliwahi kuniomba "nipunguze urefu" wa mnazi wake uliokuwa ukiziba bango, na ilinichukua muda kumweleza kwamba anachoagiza ni mazishi. Kwenye kuta za majengo ya zamani ya Kisutu kunaota milandege, mbegu zikiwa zimeachwa na ndege kwenye nyufa. Vijana wanaikata kwa juu kila mwaka na kulipwa kila mwaka, wakati mzizi unaendelea kupasua ukuta. Hiyo ndiyo inayostahili kung'olewa mapema, ikiwa bado nyembamba kama kalamu, na kwa kazi hiyo chensoo haihitajiki kabisa.

Babu alifariki kabla hajaona chensoo ya kuning'inia kiunoni. Wakwezi wote wawili wamerudi kwao, mmoja ana shamba la minazi. Fundi wa Feri macho yamechoka, mwanawe ndiye anayefungua mashine, naye bado anaanza na bomba la moshi na tochi. Vijana ninaofanya nao kazi ni wepesi, wanajua kabureta kuliko nilivyojua mimi katika umri wao, na tangu utabiri wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, simu za kuangalia miti kabla ya upepo zimekuwa nyingi kuliko za kuondoa iliyoanguka. Hilo ni jema. Lakini nikiwapeleka bustanini na kuwapa jani, wengi wanafungua simu kulipiga picha.

Kwa hiyo wewe mwenye jengo Posta, Upanga au Kariakoo: ukiona mti unakusumbua, nenda kwanza halmashauri kwa afisa misitu uombe kibali. Kisha ukimwita mkataji, kabla ya kuongea bei, mwulize mti huo unaitwaje na ukikatwa kichwa utachipua au utakufa. Akikosa jibu, mlipe nauli yake, umtafute mwingine.